Sheria na zamiri: je, kila kitu sheria inaruhusu ni kizuri?



Katika somo la uraia na tabia njema, ulizo moja linarudi kila mwaka: sheria ya nchi na tabia njema ni kitu kimoja ao ni vitu viwili? Wengine wanajibu upesi: "Ni kitu kimoja. Mtu anayefuata sheria ni mtu mwema, basi." Wengine wanasema: "Sheria ni ya Leta, tabia njema ni ya kanisa. Kila moja ikae kwake."

Sisi tunaona kwamba majibu hayo mawili ni mafupi. Katika kurasa hizi tutajaribu kueleza mahali sheria na tabia njema zinaachana, mahali zinakutana, na juu ya nini mwanafunzi anapaswa kujua jambo hili mbele ya kutoka shuleni. Haiko neno la kaye na egzamini tu. Linagusa nyumba zetu, zaidi sana siku baba wa nyumba anapokufa.

MAANA YA MANENO

Sheria ni amri iliyowekwa na mamlaka ya nchi. Mtu akiivunja, mamlaka inaweza kumlazimisha: kwa polisi, kwa tribinali, kwa faini, kwa gereza. Tabia njema ni ile kanuni inayomwambia mtu kwamba hili ni jema na lile ni baya, hata kama hakuna polisi karibu. Mwamuzi wake ni zamiri ya mtu mwenyewe, tena watu anaoishi nao, na kwa sisi wakristo, Mungu anayeona mahali pa siri.

Sheria inaangalia matendo. Mtu akimchukia jirani yake moyoni, tribinali haina neno naye mpaka ampige, amtukane ao amharibie mali. Lakini katika Mahubiri ya Mlimani Yesu aliipeleka amri ya kutoua mpaka ndani, pale hasira inaanzia. Tribinali haiwezi kufika kule. Na ni vizuri haifiki: nchi ambayo polisi wanapima mioyo ya watu, hakuna mtu angelala kwa amani.

Tukitazama mambo ya kila siku, tutayaona katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mambo ambayo sheria inaamuru, lakini kwa yenyewe hayana wema wala ubaya. Kamio inayotoka Beni kwenda Uganda inavuka mpaka wa Kasindi. Upande wa Kongo inatembea kuume kwa barabara. Ikiisha kuvuka, inapaswa kutembea kushoto. Je, dereva amegeuka mtu mwingine katika nafasi ile fupi? Hapana. Kuume haina utakatifu, kushoto haina zambi. Lakini siku nchi imekwisha kuchagua upande, kutembea upande mwingine ni kuwahatarisha watu, na pale zamiri inaingia. Vivyo hivyo na reglema nyingi za shule. Rangi ya yuniformu haiko amri ya Mungu, lakini kuna haki katika kushika pamoja lile tuliloliweka kwa faida ya wote.

Fungu la pili ni mambo ambayo tabia njema inayataka na sheria inanyamaza. Rafiki yako alikuazima kaye zake zote wakati ulikuwa mgonjwa. Leo yeye ndiye mgonjwa, nawe unamnyima zako. Hakuna tribinali itakuita. Lakini kila mtu katika klasi anajua umefanya kitu kibaya, na wewe mwenyewe unajua.

Fungu la tatu ni mambo ambayo yote mawili yanakataza: kuua, kuiba, kushuhudia uongo. Kitabu chetu cha azabu, ambacho msingi wake ni dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, kinakataza mambo hayo, na Amri Kumi zinayakataza. Tena kitabu hicho kinamwazibu mtu anayemwacha mwenzake katika hatari, wakati angeweza kumsaidia bila kujihatarisha mwenyewe. Wale wawili waliopita pembeni katika mfano wa Msamaria Mwema, leo katika Kongo wangeweza kuitwa mbele ya mwamuzi. Pale sheria imepiga hatua moja ndogo kuingia katika shamba la upendo. Lakini haikufika mbali. Inaweza kukuazibu kwa kumwacha mtu barabarani. Haiwezi kukulazimisha umlipie siku zake za kulala, kama Msamaria alivyofanya.

SHERIA INAWEZA KUPOTEA

Sasa turudie jibu la kwanza, la wale wanaosema kwamba kufuata sheria ndiyo wema wote. Historia ya nchi yetu inakataa.

Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya Mfalme Leopold wa Pili ilitoa amri kwamba udongo wote usiokuwa na mwenyewe ni mali ya Leta. Kwa karatasi ni maneno machache. Lakini nani aliamua kwamba udongo hauna mwenyewe? Kwa wazee wetu, pori halikuwa bila mwenyewe. Ni pale waliwinda, walikata miti, waliacha mashamba yapumzike. Kiisha, kutoka mwaka wa 1891, amri zingine zilifuata: pembe na mpira wa pori zikahesabiwa mali ya Leta. Mwanakijiji aliyechukua mpira katika pori la babu zake na kumuuzia mfanyabiashara mwingine akaitwa mwizi, kwa sheria. Tarehe 18 Novemba 1903 dekreti nyingine iliweka kodi ya kazi: masaa 40 kwa mwezi. Kwa karatasi masaa 40. Kwa kweli kutafuta mpira mbali porini kulikula siku nyingi zaidi, na aliyekosa kutimiza kipimo alipata fimbo, kifungo, ao mabaya kupita hayo.

Angalieni vizuri: mengi ya mambo haya yalikuwa na sahihi, tarehe na muhuri. Aliyeyatekeleza aliweza kusema, "Mimi ninafuata sheria."

Nani alisema hapana? William Sheppard, mmisionari Mwamerika mweusi wa kanisa la Presbiteri, alifika Kongo mwaka wa 1890 na kufanya kazi katika Kasai. Mwaka wa 1899 alitumwa na misioni kwenda kuona mambo yaliyofanywa na Wazappo-Zap, waliokuwa wakitumikia Leta katika kukusanya kodi. Kule alihesabu mikono 81 ya kuume iliyokatwa, imewekwa juu ya moto ikauke. Mwaka wa 1908 aliandika katika gazeti dogo la misioni yake, Kasai Herald, namna Wakuba walivyokuwa wakiteswa juu ya mpira. Kampani ya Kasai ikamshitaki kwamba amewachafulia jina. Mwaka wa 1909 hukumu ilifanyika Leopoldville, leo Kinshasa. Avoka wake alikuwa Emile Vandervelde, msosialisti wa Ubelgiji aliyetoka Ulaya kuja kumtetea bila malipo. Mwamuzi alimwachilia Sheppard.

Miaka 12 mbele, hukumu nyingine ilikwenda njia tofauti. Simon Kimbangu wa Nkamba, aliyekuwa mwalimu wa dini katika misioni ya Wabatisti wa Uingereza, alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa mwaka wa 1921. Watu wengi sana walimfuata, na serikali ya ukoloni ikaogopa. Tarehe 3 Oktoba 1921 tribinali ya waaskari kule Thysville, leo Mbanza-Ngungu, ilimkatia hukumu ya kifo. Hakuwa na avoka. Mfalme Albert aligeuza hukumu ile kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu alipelekwa Elisabethville, leo Lubumbashi. Alikufa gerezani tarehe 12 Oktoba 1951, kiisha miaka 30. Na leo? Tangu mwaka wa 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko katika nchi yote kwa kumkumbuka. Leta ya wakati ule ilimfunga kwa sheria. Leta ya leo inamheshimu kwa sheria.

Mambo haya yanatufundisha nini? Kama haki ni lile tu sheria imeandika, basi hakuna mtu angeweza kusema, "Sheria hii ni mbaya." Maneno hayo hayangekuwa na maana. Lakini tunayasema, na tunajua tunasema kitu cha kweli. Ni kusema kuna kipimo kingine, nje ya kitabu cha Leta, kinachopima kitabu kile. Kipimo hicho ndicho tunachokiita tabia njema, na mahali kinapokaa katika mtu ndiyo zamiri.

Lakini tusisahau upande mwingine. Sheppard aliokolewa na nini? Na tribinali. Sheria ileile iliyotumiwa kwa kumfunga kinywa ilikuwa na mlango: hukumu mbele ya watu, avoka, mwamuzi anayeweza kusema hapana kwa kampani kubwa. Kimbangu hakufunguliwa mlango ule. Kwa hiyo tusizarau sheria. Mtu zaifu anaihitaji kupita mtu mwenye nguvu.

SHERIA INAWEZA KUTANGULIA

Sasa turudie wale wanaosema: "Sheria ni ya Leta, haiko ya kwetu." Hapa tutaongea juu ya ndoa na uriti, na tunaomba kila mtu asome akifikiri juu ya nyumba yake.

Kitabu cha sheria za jamaa kilitolewa tarehe 1 Agosti 1987. Kwa mambo mengine kilikuwa nyuma. Kiliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, wakati kijana mwanaume alipaswa kufikisha 18. Kilimlazimisha mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake mbele ya kufanya mapatano mengi ya sheria. Kiisha sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ilikataza ndoa ya mtoto, na mtoto ni kila mtu asiyefikisha miaka 18. Tarehe 15 Julai 2016 kitabu cha jamaa nacho kilitengenezwa: miaka 18 kwa wote wawili, na ile ruhusa ya bwana ikaondolewa. Tufikiri kidogo. Msichana wa miaka 15 aliyeozwa mwaka wa 1990, sheria ilikuwa upande wa waliomwoza. Je, maumivu yake yalikuwa madogo juu ya hiyo? Hapana. Ubaya ulikuwa pale tangu mwanzo. Sheria ilichelewa kuuona.

Lakini kwa uriti, sheria ya 1987 ilitangulia wengi wetu, na mpaka leo hatujaifikia.

Sisi wote tunajua namna inapitaka. Baba amekufa. Matanga haijaisha, wakubwa wa jamaa wameketi pembeni. Baba mudogo anasema: "Mutu akikufa, mali ni ya jamaa. Bibi ni mugeni hapa, arudie kwao." Televizyo inaenda, piki-piki inaenda, matela inaenda. Kiisha ni parseli yenyewe. Mwaka wa masomo unaofuata, kiti kimoja katika klasi kiko wazi, na wenzake wanaulizana yeye aliendaka wapi.

Sheria inasemaje? Kwanza, kama bibi na bwana waliishi chini ya ushirika wa mali walizozipata katika ndoa, ambao ndio wa kawaida kama hawakuchagua mpango mwingine, nusu ya mali zile ni ya mjane mwenyewe. Haiko uriti, ni yake tangu zamani. Sehemu ya marehemu ndiyo inayogawanywa. Tuihesabu kuwa mafungu 12. Mafungu 9 ni ya watoto, wavulana sawa na wasichana, pamoja na watoto waliozaliwa nje ya ndoa kama baba aliwatambua. Mafungu 3 yanabaki: 1 la mjane, 1 la baba na mama wa marehemu, 1 la kaka na dada zake. Zaidi ya hayo, mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokaa pamoja na kutumia vyombo vyake. Baba mudogo hafukuzwi mikono mitupu: ana sehemu pamoja na ndugu zake katika fungu lao moja. Lakini hawezi kushika yote 12.

Wengine watasema: "Ile ni mambo ya wazungu, mila yetu iko tofauti." Tuwaulize wazee vizuri. Katika mila za wengi wetu, ndugu aliyeshika mali ya marehemu alishika pamoja na mzigo: kumlisha mjane, kuwalea watoto, kuwatafutia bibi wa kuoa. Mali na mzigo vilitembea pamoja. Leo wengi wanashika mali na kuacha mzigo barabarani. Mtu wa namna ile hatetei mila. Ameondoa moyo wa mila na kubakiza mkono tu. Katiba ya nchi ya tarehe 18 Februari 2006 haikatazi mila. Inakubali tribinali zitumie mila, ikiwa haipingani na utaratibu wa watu wote wala na tabia njema. Ni kusema Katiba yenyewe inapima mila kwa kipimo cha tabia njema.

Basi, kama sheria ni nzuri hivi, juu ya nini wajane bado wanafukuzwa? Kwanza, wengi hawaijui. Tena ndoa nyingi zilifanywa katika jamaa ao kanisani, na hazikuandikishwa kwa ofisi ya eta sivili, na kushuhudia ndoa bila karatasi ni kazi ngumu. Tribinali ya amani, ambayo ndiyo inasikia maneno ya jamaa na uriti, iko mbali na vijiji vingi, na safari inaomba feza. Lakini sababu iliyo kubwa kupita zote ni kwamba baba mudogo hana haya, na jamaa yote inamtazama na kunyamaza. Kesho yake anaimba katika kwaya.

Sheria isiyobebwa na tabia ya watu inabaki karatasi. Lakini tabia njema peke yake haitoshi vilevile. Bila sheria, mjane analala chini ya huruma ya shemeji yake: huruma ikiwako, anakula, ikikosekana, anatoka. Sheria imewekwa kwa siku ile ndugu amekosa huruma. Na huruma inahitajiwa mahali pote ambapo mwamuzi hatafika kamwe, na mahali pale ni pengi.

ZIKIGONGANA, TUFANYE NINI?

Kuna siku amri inakuja, na zamiri inasema hapana. Wengine wanataja Warumi 13, pale Paulo anatuita kutii mamlaka. Wengine wanataja Matendo 5, pale mitume waliwaambia wakubwa kwamba kumtii Mungu kunatangulia. Wazalishaji wa Waebrania katika Kutoka 1 walikataa kuua watoto, ingawa amri ilitoka kwa Farao mwenyewe. Paulo na mitume hawabishani. Mamlaka imewekwa kwa kulinda mema. Ikiamuru uovu wazi, imetoka katika kazi yake.

Katiba yetu nayo inalijua jambo hili. Kifungu chake cha 28 kinasema kwamba hakuna mtu analazimishwa kutekeleza amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria, na mtumishi wa Leta anafunguliwa katika wajibu wa kutii ikiwa amri ile inakanyaga wazi haki za watu, uhuru wao ao tabia njema. Askari anayeambiwa apige watu wasio na silaha hawezi kujificha nyuma ya mkubwa wake.

Lakini tuangalie sana hapa, maana kuna udanganyifu. Mwanafunzi mmoja anaweza kusema, "Zamiri yangu haikatazi kukopia siku ya Egzamini ya Leta." Ile haiko zamiri, ni tamaa imevaa koti ya zamiri. Tunapendekeza maulizo matatu ya kuzitofautisha:

1. Ninakataa amri hii kwa faida ya nani? Kama faida yote ni yangu, nijishuku.

2. Ninaweza kukataa mbele ya watu? Sheppard aliandika katika gazeti, na jina lake chini. Anayekopia anaficha karatasi katika soksi.

3. Niko tayari kulipa garama? Mwenye zamiri anaweza kuazibiwa na bado asimame pale. Mwenye tamaa anatafuta tu namna ya kuponyoka.

NENO KWA WENZETU

Ndugu wanafunzi, hatuwezi kubadili sheria za Kinshasa kutoka katika bweni. Lakini kuna mambo tunaweza. Likizo hii, kila mmoja awaulize wazazi wake kwa heshima: ndoa yenu iliandikishwa kwa eta sivili? Karatasi za kuzaliwa kwetu ziko wapi? Karatasi ya parseli iko kwa jina la nani? Wazazi wengine wataona ni maulizo ya kuleta mikosi. Waelezeni pole pole kwamba kutengeneza karatasi hakumwiti mtu kufa. Kunalinda wale atakaowaacha.

Tena, wengi katika sisi tutakuwa baba mudogo, baba mukubwa, shangazi. Siku moja tutaketi pembeni kiisha matanga, na mtu ataanza kusema, "Bibi ni mugeni hapa." Siku ile polisi hatakuwa pale, wala mwamuzi, wala pasta pengine. Ni wewe utakuwa pale, nawe unajua yale mafungu 12. Usinyamaze.

Kwa mabishano ya Jumamosi tunaweka ulizo hili: "Ni kipi kibaya zaidi: sheria mbaya inayofuatwa, ao sheria nzuri isiyofuatwa?" Kila klasi ilete wasemaji wawili. Majibu yaliyoandikwa vizuri tutayatia katika gazeti linalofuata.